Mdomo wa Sita

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, barazani kwa fundi cherehani, mkabala na geti la yadi ya magari ya idara ya afya. Rimu moja ilikuwa ya lori kubwa na nyingine ya lori dogo, kwa hiyo aliyekaa kulia alikuwa juu kama mwenyekiti, na aliyekaa kushoto alikuwa chini kama mshtakiwa. Ubao haukupigiliwa msumari hata mmoja. Ndiyo maana kijiwe kilikuwa na sheria moja tu, isiyoandikwa popote: hakuna kusimama bila kutoa taarifa. Unasema "nasimama", wenzako wanajikaza, ndipo unanyanyuka. Mtu mmoja aliwahi kusahau, akawamwagia watu watatu kahawa ya moto mapajani, na tangu siku hiyo alihamia kijiwe kingine. Kahawa ilikuwa ya Mama Birika. Kila asubuhi birika moja, likiisha limeisha. La pili hakuwahi kuchemsha, kwa sababu, alisema, birika la kwanza huleta maneno na la pili huleta kesi.

Asubuhi hiyo upande wa mshtakiwa alikaa Kapteni, dereva wa foo-wili kuukuu la idara. Gari lile lilianza kazi kabla yeye hajaota ndevu, na sasa ndevu zilikuwa na mvi na gari bado lilikuwa kazini. Kwa miaka kumi na moja, kila Jumatatu, amelipakia masanduku ya dawa akazungukia zahanati tano za mlimani, njia ambayo magari mapya ya idara huiangalia kwa mbali yakageuza. Lakini leo saa nne mkaguzi wa magari angefika kutoka makao makuu. Gari likipita, Kapteni angeendelea na Jumatatu zake. Likianguka, lingepelekwa mnadani, na yeye angehamishiwa getini kuinua na kushusha kamba. Kamba hiyo ameiona kila siku kwa miaka kumi na moja. Hajawahi kuitamani.

Ugonjwa ulikuwa kwenye ovadraivu. Kwa asiyejua, hicho ni kisanduku cha chuma, kikubwa kama kichwa cha mbuzi, kilichofungwa nyuma ya giaboksi na mtu ambaye hakuna anayemkumbuka. Kina kijiti chake kifupi pembeni ya kiti. Ukikisukuma mbele, gari linakimbia zaidi huku injini ikishusha sauti. Raha yake ni kama ya mtu aliyevua viatu baada ya harusi. Lakini cha Kapteni kilikuwa kimechoka. Kilivuma kama nyuki ndani ya debe, na ukishaizoea tu ile raha, kijiti kinaruka chenyewe kurudi nyuma na injini inapiga yowe. Mwaka mzima Kapteni amekuwa akikizuia kwa goti la kushoto. Sasa goti nalo lilikuwa linauma, na mganga wa zahanati ya tatu alikwisha kumwuliza kama bado anacheza mpira.

— Klachi, alisema Tani Kumi kutoka upande wa mwenyekiti.

Tani Kumi alikuwa kaka wa mke wa Kapteni, utingo mstaafu wa malori, na kwake yeye kila ugonjwa wa chombo chochote ulikuwa klachi. Aliwahi kumweleza Mama Birika kwamba jiko lake linazimika kwa sababu ya klachi.

— Klachi nilibadilisha mwezi uliopita, shemeji. Kwa ushauri wako.

— Ikawaje?

— Ikawa klachi mpya, kelele ileile.

— Basi tumepiga hatua. Tumeshajua kwamba si klachi ya zamani.

Sindano, fundi cherehani mwenye baraza, alikuwa amekaa ubaoni kati yao, anapindia suruali huku akisikiliza. Yeye hakuamini kwamba gari lina tatizo. Aliamini kwamba dunia ina tatizo la mishono. Kwa mwaka huo alikuwa amemshonea Kapteni mikanda mitatu ya kukifunga kile kijiti kwenye kiti. Wa kwanza ulikatika. Wa pili, wenye mshono wa mara mbili, ulikatika. Wa tatu aliutengeneza kwa mkanda wa begi la shule na ngozi ya kiatu, na huo haukukatika: uling'oa skrubu za kiti. Kiti kililala chali na Kapteni akiwa juu yake, akaendesha mwendo wa kutosha huku akitazama dari ya gari.

— Lakini mkanda haukukatika, alisema Sindano.

— Haukukatika.

— Nataka hilo likumbukwe. Na wala usihofu, ndugu yangu. Bandu bandu huisha gogo.

— Hilo ndilo ninalolihofia. Meno ya kile kisanduku ndiyo yanayokwisha bandu bandu.

Sindano aliuma uzi akafikiri kidogo. Methali alikuwa nazo nyingi, kama vifungo kwenye kopo, na kama vifungo alizichomoa bila kuangalia ukubwa wa tundu.

— Basi chukua nyingine. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Kapteni alijaribu kumtafuta huyo mwana ni nani katika habari hii, akamkosa, akanywa kahawa.

Hapo ndipo alipofika mgeni. Mwanamke wa makamo, suruali ya khaki, viatu vimejaa vumbi, mkoba begani. Alisalimia, akasalimiwa, akaomba kahawa. Walimpisha katikati ya ubao na kumsomea ile sheria ya kusimama, naye akaikubali bila kuuliza sababu, jambo lililompa heshima mara moja. Hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Kijiwe kilikuwa karibu na kituo cha basi na watu wa mikoba walikuja na kuondoka. Mama Birika peke yake ndiye aliyemtazama mikono wakati anampa kikombe. Kwenye kucha palikuwa na ule weusi ambao sabuni huufikia ikarudi. Akamwongezea kahawa hadi ukingoni.

— Hilo gari halina ethi, ule waya wa kushuka ardhini, alisema Waya.

Waya alitengeneza redio kwenye kibanda cha jirani, na hapo ubaoni alikuwa amengoja zamu yake kwa adabu. Alieleza kwamba juzi, Kapteni alipokwenda msalani, aliingia uvunguni mwa gari, akafunga waya kwenye kile kisanduku na waya huo kwenye spika, injini ikiwa inanguruma. Alichokisikia si kelele. Alichokisikia ni mtu anasoma.

— Anasoma nini? aliuliza Kapteni.

— Hakusikika vizuri. Ndiyo maana nasema ethi. Kile kisanduku kinapokea. Kikiipata stesheni, kinatulia. Kikiipoteza, kinaruka.

Tani Kumi alisema malori makubwa yote yanapokea, ni jambo la kawaida, ila kwenye lori klachi hulizuia. Wakabishana kidogo kama chuma kinaweza kupokea bila kutaka, na Sindano akakata shauri kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akiliangalia goti la Kapteni.

Kapteni ndiye aliyeharibu mambo, kwa kusema ukweli. Alisema mambo ya stesheni hayajui, lakini kitu kimoja anakijua: kijiti hicho huruka kwenye daraja.

— Daraja lipi? Tani Kumi alikiweka kikombe chini.

— La chuma, ukimaliza tambarare. Kila safari. Hata goti likikizuia, pale nasikia kinasukuma kama mtoto anayetaka kushuka mgongoni.

Kijiwe kikasogea kama watu walioletewa sahani. Waya alikuwa wa kwanza kunawa. Sumaku, alisema; daraja la chuma lililopigwa na jua miaka yote hiyo lazima limejaa sumaku. Sindano alisema si sumaku, ni undugu: pengine chuma cha daraja na chuma cha kisanduku vilitoka tanuru moja, na damu ni nzito kuliko maji. Kisanduku kinaruka kusalimia. Tani Kumi aliwasikiliza wote wawili kwa uso wa mtu anayewaonea huruma.

— Nyote mmesema kweli, na nyote mmeishia njiani. Shemeji, wewe ukivuka daraja unakwenda mbele?

— Ningekwenda wapi?

— Basi ndilo kosa. Unakwenda mbele, kijiti kinaruka nyuma. Vuka kinyumenyume, kijiti kitaruka mbele. Kitajifunga chenyewe, unageuza gari ng'ambo, unaendelea na safari.

Kapteni alikuwa mtu mzima, mwenye leseni safi na wajukuu wawili. Hata hivyo alijikuta, kwa muda wa kunywa funda moja, akipima upana wa lile daraja kichwani. Alipojigundua aliona aibu, na aibu ile ikamwonyesha jinsi alivyokuwa amechoka. Akawaambia daraja liko mbali na saa nne iko karibu. Anachotaka kujua ni jinsi ya kupita leo.

Hapo kijiwe kikaacha sayansi, kikaingia kwenye mipango, na mipango kilikuwa nayo tayari. Tani Kumi angekaa kiti cha katikati, atambulishwe kama mpakiaji wa dawa, na kazi yake ingekuwa kukizuia kijiti kwa goti. Goti lake lilikuwa kubwa na halina historia ya ugonjwa. Sindano alikuwa ameshaanza kumshonea kipande cha sponji ndani ya suruali, ndiyo hiyohiyo aliyokuwa akiipindia. Waya angefungua redio kwa sauti ya kufunika mvumo, na kama redio ingekataliwa, Tani Kumi angekohoa.

— Na mkaguzi je? aliuliza Kapteni.

— Wakaguzi nawajua, alisema Tani Kumi. Atakuja mzee mmoja mwenye tumbo. Atapiga honi, atawasha taa, atapiga teke tairi moja. Kuinama uvunguni hawezi, tumbo litamkatalia. Atasaini.

— Samahani, alisema mgeni.

Wakamgeukia. Walikuwa wamemsahau, kama mtu anavyomsahau jirani wa kiti kwenye msiba.

— Hapo darajani kuna tuta?

— Lipo, alisema Kapteni. Kabla tu hujapanda darajani.

— Ukilifikia tuta, mguu wako wa kulia unaufanya nini?

— Nauondoa kwenye mafuta, dada. Kama kila mtu.

— Na kijiti kinaruka hapo.

Alilisema hilo kama mtu anayesoma saa ukutani. Kapteni akakumbuka mteremko wa kuingia zahanati ya tatu, ambako kijiti pia huruka. Akakumbuka kivuko cha wanafunzi. Akakumbuka kona ya kinu cha kusaga. Kila mahali palikuwa na sababu yake aliyoipachika mwenyewe, baridi hapa, vumbi pale, na kila mahali, kabla ya yote, mguu wake wa kulia ulikuwa umenyanyuka. Mwaka mzima alikuwa amechunguza barabara.

— Hilo halipingani na sumaku, alisema Waya.

— Na oili? aliuliza mgeni. Mara ya mwisho oili imebadilishwa lini?

Kapteni alinyooka. Hapa alikuwa nyumbani kwake. Hakuna dereva wa yadi ile aliyelinywesha gari kama yeye, na daftari lake lilikuwa shahidi. Akahesabu kwa vidole, bila haraka: injini, kila mwisho wa mwezi. Giaboksi, kila miezi sita. Transfa, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, pamoja nayo. Difu ya mbele. Difu ya nyuma. Vidole vitano vikasimama hewani mbele ya kijiwe kizima.

— Hiyo ni midomo mitano, alisema mgeni. Mimi nauliza wa sita.

— Wa sita upi?

— Wa ovadraivu. Ina mdomo wake na inakunywa oili yake peke yake. Hii ya giaboksi haifiki kule. Wa sita ulinyweshwa lini?

Kapteni aliutazama mkono wake. Kidole cha sita hakikuwapo. Tani Kumi alimtazama Waya, Waya alimtazama Sindano, na Sindano akafungua mdomo kutoa methali. Mdomo ulibaki wazi na methali haikutoka. Kwa mara ya kwanza tangu baraza lijengwe, kopo lilikuwa tupu. Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Tani Kumi. Yalidondoka matone matatu.

— Limeisha, alisema.

Kapteni akasimama. Hakutoa taarifa. Ubao ulipoteza mshtakiwa wake, ukainuka kushoto, na upande wa kulia mwenyekiti akashuka chini taratibu akiwa na kikombe mkononi, Waya akamfuata, na Sindano akafika wa mwisho na suruali yenye sponji ikamwangukia kichwani. Mgeni peke yake ndiye aliyekuwa amejikaza. Alikuwa amesomewa sheria na aliishika.

Uvunguni mwa gari palikuwa peusi, safi, pakimetameta. Mgeni alitandika gunia, akalala chali, akatoa tochi na spana kutoka kwenye mkoba uliodhaniwa kuwa wa nguo. Kapteni alilala kando yake, goti likilalamika. Mwanga wa tochi ukapita kwenye giaboksi, ukapita kwenye transfa, ukafika kwenye kisanduku na kukizunguka mara mbili.

— Nani aliyepaka rangi huku chini?

Kutoka pale chini Kapteni aliweza kuona miguu ya wenzake imesimama kando ya gari: buti za Tani Kumi, raba za Waya, kandambili za Sindano. Miguu yote sita ikarudi nyuma hatua moja.

Kila mmoja alilikumbuka jibu. Ilikuwa miaka miwili iliyopita, Jumamosi. Tani Kumi alishauri gari lipakwe rangi nzito ya kuzuia kutu, kijiwe kizima kikahamia uvunguni, na ilikuwa siku nzuri sana. Sindano ndiye aliyekifikia kile kisanduku. Alikuta pembeni kuna nati imechomoza, akaiona haipendezi, kama uzi uliobaki nje ya mshono. Akaipaka mara nne hadi ikalala. Walimpongeza. Kapteni mwenyewe ndiye aliyemshikia kopo.

Mgeni alikwangua kwa ncha ya bisibisi. Rangi ilibanduka kama gamba, nati ikatoa kichwa chake cha pembe nne, na baada ya kukataa mara tatu ikafunguka. Aliingiza kidole. Hakikutoka na oili. Kilitoka na ukoko mweusi uliojaa chembechembe za chuma, akausogeza mbele ya tochi ili Kapteni auone.

— Sikujua kama kinakunywa, alisema Kapteni.

— Kingekuomba vipi, nanyi mmekiziba mdomo?

Alimweleza kwa sauti ya chini, ya fundi kwa fundi. Meno yameliwa pande zake. Gari likivuta yanashikana, mguu ukinyanyuka yanaachiana, kijiti kinaruka. Oili haitayarudisha. Lakini oili lazima iwekwe hata kama kijiti hakitaguswa tena, kwa sababu ndani mna vyuma vinavyozunguka muda wote gari linapotembea, na kisanduku kikikwama mlimani, gari na dawa vitalala hukohuko. Kiwekewe oili, kijiti kiachwe nyuma, gari litembee kama lilivyozaliwa. Litakwenda polepole zaidi na litapiga kelele zaidi, basi.

— Kumbe wewe ni fundi, dada.

— Nilikuwa. Miaka tisa.

Akajipangusa kidole, akauvuta mkoba, akatoa jalada. Juu yake iliandikwa namba ya gari lililokuwa juu ya pua zao.

— Sasa ni mkaguzi. Basi liliwahi, nikaona ninywe kahawa.

Kapteni alikuwa anakirudia kijiwe chote kichwani tangu mwanzo: sponji, redio, kikohozi, mzee mwenye tumbo. Alitamani uvungu uwe mrefu zaidi. Ndipo sauti ya Tani Kumi ilipoinama kando ya tairi.

— Shemeji, hebu muulize huyo dada, kwa ukubwa wa goti langu, sponji inahitajika au niende hivihivi?

— Mwambie abaki kwenye benchi, alisema mkaguzi. Katikati nitakaa mimi.

Oili ya giaboksi Kapteni alikuwa nayo stoo. Kisanduku kilikunywa chini ya nusu chupa kikatosheka. Saa nne kamili walitoka getini. Kijiwe kilikuwa kimesimama barazani, hakuna aliyethubutu kukaa, na Mama Birika alikuwa anasuuza vikombe bila kumtazama mtu.

Kwenye tambarare gari lilikwenda kwa mwendo ambao Kapteni alikuwa ameusahau, injini ikiguna, mvumo wa nyuki ukiwa umepungua lakini haujakwisha. Mkaguzi alikuwa na jalada mapajani na kalamu mkononi. Alikuwa hajaandika kitu. Kijiti kilikuwa kati yao, nyuma, kimetulia. Lori la mkaa liliwapita, kisha baiskeli ikawakaribia, ikafikiria, ikabaki nyuma.

Tuta likaja. Kapteni akaondoa mguu kwenye mafuta.

Hakuna kilichoruka. Injini ilishusha pumzi, matairi yalipanda tuta yakashuka, na chuma cha daraja kikaanza kunguruma chini yao kama chuma cha daraja lolote. Lakini goti la kushoto halikuwa limepewa habari. Lilikwenda lenyewe, kwa mazoea ya mwaka mzima, likasukuma lilipozoea kusukuma, na safari hii likakuta ukingo wa jalada la serikali. Kapteni akalirudisha. Likaenda tena.

Mkaguzi alilisogeza jalada kidogo bila kuinua macho.

— Kwa mwendo huu, zahanati ya tano utafika saa ngapi?

Kapteni alipiga hesabu kimoyomoyo, mlima kwa mlima. Hakutaka kudanganya.

— Saa kumi. Zamani nilifika saa tisa.

— Na mganga wa huko anafunga saa ngapi?

— Saa tisa na nusu.

Daraja likaisha, barabara ya udongo ikaanza. Mkaguzi aliangalia mbele, kwenye mlima, kama anayeupima kwa jicho.

— Basi Jumatatu wahi kuondoka kwa saa moja zaidi, alisema. Akaliweka jalada juu ya goti lake mwenyewe, akasaini.